Gunia la kilo 100 linatoa kilo 105: nimwambieje mjomba aliyenilea?

BARUA

Assalaam alaykum, na shikamoo mama.

Mimi ni kijana wa miaka 26, nauza mchele katika duka la mjomba wangu Tandale. Naomba jina langu lisitoke, maana mjomba hasomi safu hii lakini majirani wanaisoma.

Baba alifariki nikiwa darasa la tano, kwetu Rufiji. Mjomba, kaka yake mama wa tumbo moja, alikuja msibani akakaa mpaka arobaini, kisha akarudi Dar na mimi. Amenisomesha mpaka kidato cha nne, amenilaza nyumba moja na wanawe, na sijawahi kumsikia mkewe akinisimanga kwa chakula. Kazi yote ninayoijua nimejifunza kwake: kuujua mchele kwa kuufikicha kiganjani, kutafuna punje mbili nijue kama ni mpya au umelala ghalani, kumsoma mteja kabla hajauliza bei. Sasa hivi yeye anashughulika na mizigo, duka ameniachia mimi.

Mchele wetu mwingi unatoka Shinyanga na Kahama. Wa Kyela unakuja kidogo na bei yake iko juu. Usiku tukishafunga tunatandika turubai, tunamwaga gunia moja la Kyela na matatu ya Shinyanga, tunachanganya kwa koleo. Asubuhi kibao kinasema "Super Kyela" na bei ni shilingi 3,200 kwa kilo, wakati ule wa Shinyanga peke yake tungeuuza 2,600. Harufu ya gunia moja inabeba mengine matatu. Mwanzoni sikuona shida, kwa sababu kila duka la mtaa wetu lina kibao kama hicho.

Lililoninyima usingizi ni mizani. Jioni nikipiga hesabu, gunia la kilo 100 linatoa pesa ya kilo 105. Nilidhani nakosea kuandika. Siku moja nikachukua paketi ya sukari ya kilo moja, haijafunguliwa, nikaiweka juu ya mizani yetu ya dijitali, ikasoma kilo moja na gramu hamsini. Stika ya Wakala wa Vipimo iliyobandikwa ubavuni ni ya mwaka juzi. Nikamuuliza mjomba, gunia la mia linatoaje mia na tano? Akacheka, akanipiga bega, akasema: "Hiyo ndiyo baraka ya duka, usiihesabu." Nilipomgusia habari ya kibao akawa mkali: "Tandale nzima wanauza hivi. Ukiuita wa Shinyanga kwa jina lake, kodi ya fremu utalipa kwa dua?" Na msimu wa mavuno, anapokwenda mwenyewe vijijini kununua mpunga, hununua kwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, kama wanunuzi wengine.

Sasa kuna mama lishe anayepika upande wa Manzese Darajani, mjane, analea wajukuu. Kila asubuhi huchukua kilo kumi kwetu. Mwezi uliopita alisimama mbele yangu akaniuliza: "Mwanangu, siku hizi wali haufiki sahani nilizozoea. Huu ni Kyela kweli? Na kilo zinatimia?" Duka lilikuwa limejaa watu. Nikamjibu, "Wallahi mama, ni Kyela, na kilo zako zimetimia." Akasema, "Basi labda ni sufuria yangu, nisamehe mwanangu." Yeye ndiye aliyeniomba mimi msamaha. Tangu siku hiyo nikisimama kwenye sala naisikia sauti yangu ikisema wallahi.

Mama, mjomba si mtu mbaya. Amekwenda Hija, kila Ramadhani anafuturisha watoto wa madrasa, analipa ada ya mdogo wangu chuo cha uuguzi, na mama yangu anaishi kwa anachomtumia. Kila akimaliza kuswali, mama humwombea dua kaka yake kabla ya kutuombea sisi. Baada ya Idi kubwa mjomba amepanga kunitolea mahari. Baba wa mchumba wangu ni mwalimu wa Qur'ani. Nikiwaza kwamba mahari ya binti yake itatoka kwenye zile kilo tano, nakosa hata uso wa kumtazama.

Rafiki yangu mmoja ananiambia dhambi ni ya mwenye duka, mimi ni mwajiriwa tu. Mwingine anasema nipige simu Vipimo nimalize kazi. Nikinyamaza namuogopa Mwenyezi Mungu. Nikisema, nitaambiwa shukrani ya punda ni mateke. Nikiondoka, mama na mdogo wangu wataishije? Naomba unishauri.

Mpwa, Tandale

JIBU

Waalaykumu salaam, marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma kwa utulivu, na ninaanza na yule mama wa Manzese, kwa sababu naona wewe mwenyewe ndiye uliyekwama hapo. Umenieleza shida yako kana kwamba ni ya watu wawili: Mwenyezi Mungu anataka ukweli upande huu, mjomba anataka utii upande ule, nawe umebanwa katikati. Lakini yumo mtu wa tatu, naye ndiye anayelipa. Tuichukue hesabu yako ilivyo. Mizani ikisoma kilo kumi, yeye anaondoka na kama kilo tisa na nusu. Nusu kilo ya mchele mkavu, kwa mama lishe, ni sahani nne au tano za wali. Kila siku. Sufuria yake haina kosa.

Dini yetu inatofautisha haki ya Mwenyezi Mungu na haki ya waja. Ya kwanza mlango wake wa toba uko wazi usiku na mchana. Ya pili ina sharti la ziada: mwenye haki arudishiwe chake, au asamehe kwa ridhaa yake. Imam Bukhari amepokea hadithi ya Mtume (s.a.w.) kwamba aliyemdhulumu nduguye heshima yake au kitu chochote, na ajivue nacho leo, kabla ya siku ambayo hakutakuwa na dinari wala dirhamu. Nadhani ndiyo maana istighfari zako hazikutulizi. Unamwomba msamaha Mola wako, na unafanya vizuri, ila kuna deni jingine lina mwenyewe na anapita mbele yako kila asubuhi. Usiione sauti unayoisikia kwenye sala kuwa ni laana. Ningekuogopea zaidi kama ungekuwa huisikii.

Sasa niruhusu nifungue mzigo wako, maana umeyafunga mambo matatu ndani ya gunia moja na ndiyo sababu halibebeki.

Kuchanganya mchele, peke yake, si haramu. Mtu anaweza kuchanganya Kyela na Shinyanga akauza vizuri tu, na wako watakaopenda: harufu nzuri kwa bei wanayoimudu. Kosa limo kwenye kibao. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni Madina akakuta lundo la nafaka, akaingiza mkono ndani, vidole vikakuta unyevu. Akamuuliza mwenye mali ni nini hiki. Yule akajibu kwamba ilinyeshewa na mvua. Akamwambia: kwa nini usiiweke juu watu wakaiona? Anayetudanganya si katika sisi. Hadithi hii iko kwa Imam Muslim na husomwa sana misikitini, lakini mara nyingi tunaishia kwenye lile karipio la mwisho tukaruka swali la kabla yake. Hakumwambia akaimwage ile nafaka wala hakumfungia duka. Alimwonyesha pa kuiweka.

Nimepiga hesabu kwa bei zako mwenyewe. Gunia moja la 3,200 na matatu ya 2,600, ukiyajumlisha na kugawa kwa manne, unapata shilingi 2,750 kwa kilo. Na bei zote mbili, naamini, tayari zina faida yenu ndani yake. Ninyi mnauza 3,200. Kwa hiyo shilingi 450 za kila kilo mteja anazilipa kwa ajili ya neno lililoandikwa kwenye kibao, basi. Mjomba anaposema biashara bila hivyo haiendi, huenda hajawahi kuiweka mezani biashara ya "Mchanganyiko, 2,750" akaitazama. Simaanishi kwamba itakuwa rahisi. Jirani akiendelea kuandika Super Kyela, kuna wateja watakaokwenda kwake, na kodi ya fremu haingoji. Hofu yake ina msingi. Ninalohoji ni kama kweli zipo njia mbili tu, ya uongo au ya kufilisika.

Mizani ni jambo jingine kabisa, na hapa sitalainisha maneno. Mteja akidanganywa kwa jina la mchele anaweza kuonja akajua. Gramu hamsini hana namna ya kuzijua. Sura nzima ya Qur'ani imepewa jina la wanaofanya hivi: "Ole wao hao wapunjao! Ambao wanapojipimia kwa watu hudai watimiziwe. Na wao wanapowapimia watu kwa kipimo au mizani hupunguza." Tazama, mwanangu, aya hizi hazikuishia kwa mteja. Zimetaja pande mbili za mkono mmoja: wa kupokea na wa kutoa. Nawe umeniandikia habari ya lumbesa kwa sentensi moja, ukapita, kama jambo la kawaida. Mimi limenisimamisha. Yule mkulima wa mpunga anashonewa gunia mpaka linapita kimo chake, ilhali Sheria ya Vipimo imeweka ukomo wa kilo 100, analipwa gunia moja. Mchele wake ukifika Tandale, kilo inapungua. Kijijini duka linapokea kupita kiasi, mjini linatoa pungufu, na hao wawili, mkulima na mama lishe, hawatakutana wapate kulinganisha. Kama utazungumza na mjomba siku moja, usimwache mkulima nje ya mazungumzo kwa sababu hayupo.

Na kama unawaza kwamba haya ni ya Waislamu, wateja wako Wakristo wanayasoma kwao vilevile. Mithali 11:1 inasema: "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA, bali vipimo vilivyo sawasawa humpendeza." Mpita njia yeyote wa Manzese ana haki ya kutegemea kwamba mtu anayemwona anakwenda kuswali amempimia sawa.

Hata hivyo naomba usimhukumu mjomba kabla ya wakati. Paketi moja ya sukari si ushahidi wa kutosha. Paketi nayo ina uzito wake, na viwanda navyo hukosea. Mizani ya dijitali iliyokaa tangu mwaka juzi bila kuhakikiwa inaweza kupotea yenyewe. Hujui nani aliirekebisha, wala kama kuna aliyeirekebisha. Unachokijua ni kwamba mjomba ameuona mwujiza wa kilo tano akachagua kutoutazama, na ameuita baraka. Hilo linaniuma kuliko ukali wake wa siku ile nyingine. Hadithi ya Hakim bin Hizam, kwa Bukhari na Muslim, imetuambia baraka ya biashara inakaa wapi: muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na kubainishiana, wanabarikiwa katika kuuziana kwao, wakificha na kusema uongo, baraka inafutwa. Mtu anaweza kuishi miaka mingi na jambo chumbani mwake bila kuliwashia taa. Mjomba wako, kwa namna ulivyomweleza, hanioneshi mtu asiye na dini. Ananionesha mtu ambaye ameiacha dini mlangoni mwa duka akijua ataichukua akitoka.

La tatu ni kiapo, na hilo ni lako peke yako. Mtume (s.a.w.) amesema kiapo huifanya bidhaa itoke, lakini hufuta baraka. Kuapa kwa jina la Mwenyezi Mungu juu ya jambo unalojua si kweli ni katika madhambi makubwa. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu huku pwani tunayafuata, kiapo hicho kinahitaji toba na kafara pia, ile iliyotajwa katika Suratul Maida: kulisha masikini kumi au kuwavika nguo, na asiyeweza afunge siku tatu. Nenda kwa shekhe unayemwamini akuelekeze vizuri. Hapo huhitaji ruhusa ya mjomba wala huharibu udugu na mtu. Na kuanzia kesho unaweza kuuza bila kuapa. Mteja akikuuliza, "Huu ni Kyela?" jibu "una Kyela ndani, tumechanganya" linatoka kinywani mwako, si kwenye kibao.

Rafiki aliyekuambia dhambi ni ya mwenye duka amekupa nusu ya maneno. Ni kweli mwenye kuamuru ana mzigo mkubwa kuliko aliyeamriwa. Lakini ulimi uliosema wallahi haukuajiriwa. Wakati huohuo sikubali kwamba kutomtii mjomba katika hili ni kumvunjia heshima. Katika Suratul Luqman, wazazi wanapomshikilia mtoto amshirikishe Mwenyezi Mungu, dhambi isiyo na kubwa zaidi yake, ameambiwa asiwatii, na papo hapo akaambiwa akae nao kwa wema duniani. Mambo hayo mawili yamekaa katika aya moja. Unaweza kukataa jambo la mjomba na bado ukampokea mzigo begani, ukamtangulizia shikamoo, ukamkalia kitandani akiugua.

Sasa ufanyeje. Nitakutajia ninazoziona, na kila moja ina mwiba wake.

Unaweza kuzungumza naye mwenyewe. Si dukani, si mbele ya wanawe, wala si siku aliyorudi na hasara ya mzigo. Baada ya isha, akiwa ameshakula. Ningekuwa wewe nisingeanza na mizani yake, ningeanza na wallahi yangu: "Mjomba, nimeapa uongo, sala hainikai, nisaidie." Hapo humshitaki, unamwomba. Kumbuka Nabii Ibrahim alivyomsemesha baba yake katika Suratu Maryam: mara nne mfululizo anaanza na "Ewe baba yangu," na alipotishiwa kupigwa mawe alijibu kwa salamu. Kisha uingie kwenye stika. Sheria inataka mizani ya biashara ihakikiwe kila mwaka, na afisa wa Vipimo anaweza kupita siku yoyote. "Mjomba, stika yetu imepitwa na wakati, tuwaite waje waipime kabla hawajatukuta" ni maneno ambayo mtu mzima anaweza kuyakubali bila kukiri lolote mbele ya mpwa wake. Mwiba wake unaujua: anaweza kukuambia kama dini imekuzidi kafungue duka lako. Ujiulize mapema, akisema hivyo usiku huo, utalala wapi.

Unaweza kunyoosha mambo kimyakimya, ukampimia kila mteja sawa, mama lishe mpaka mizani isome kilo kumi na nusu. Najua hili linakuvutia, kwa sababu halina mabishano. Ila jioni gunia litatoa kilo 100 na mjomba amezoea 105. Kwa bei yenu hizo ni shilingi 16,000 kwa kila gunia. Kwa siku chache tu utaitwa mwizi, na utakuwa huna jibu ambalo halikurudishi kwenye mazungumzo uliyoyakimbia. Tena ukizidisha kupita kile mteja alichostahili, hapo umegusa amana uliyokabidhiwa.

Unaweza kumpitia mtu mwingine: mama yako, au mzee ambaye mjomba humsikiliza, au imamu. Watu wetu wa pwani mambo mazito huyapeleka kwa mshenga, na si kwa mahari peke yake. Uzuri wake ni kwamba neno la dada au la rika lake halimdhalilishi. Ubaya wake, mama yako anaishi kwa mkono wa kaka yake. Unaweza kumwekea mzigo ambao hana pa kuutua, akakuambia unyamaze, na ukabaki umenyamazishwa na watu wawili.

Kupiga simu Vipimo si usaliti. Ofisi ile ipo kwa ajili ya watu kama yule mama, na kama milango mingine yote itafungwa sitakuambia hiyo ni haramu. Lakini mfikirie mjomba anayehojiwa mbele ya wapangaji wenzake wa fremu, kisha akajua simu ilitoka nyumbani kwake. Baadhi ya mambo hayo hayarudi. Na upande wa pili pia nikuambie bila kuficha: kila wiki unayoahirisha kwa jina la heshima, kuna watu wanapunjwa. Kama utachagua subira, ipe mwisho, ujue moyoni ni mpaka lini.

Au uondoke. Hili huonekana safi kuliko yote, nami ndilo ninalolihofia kidogo, kwa sababu mtu anaweza kuondoka akidhani ameoga. Mizani itabaki pale pale na kijana mwingine atafundishwa kuitumia. Deni la yule mama utakwenda nalo. Kuna hali ambayo kuondoka ni wajibu, pale mtu asipoweza kuuza bila kudanganya. Je, umefika hapo, au bado hujajaribu kuuza bila kudanganya ukaona kinachotokea?

Kuhusu mahari, tuliza moyo kidogo. Mali ya mjomba ni ya mchanganyiko nayo: kuna mtaji, kuna usafiri, kuna jasho lake na lako, kuna na hizo gramu. Wanazuoni wengi wameruhusu kupokea zawadi ya mtu ambaye mali yake imechanganyika, madamu kitu chenyewe unachopewa hakijulikani kuwa ndicho cha haramu. Wapo wanaopendelea mtu ajiepushe. Shehe wa kata au wa wilaya wa Bakwata anaweza kukusikiliza bila kumtaja mjomba jina. Tena usisahau kuwa mahari haina ulazima wa kuwa nzito. Mtume (s.a.w.) alimwambia mtu asiyekuwa na kitu atafute japo pete ya chuma, na alipoikosa akamwozesha kwa Qur'ani aliyoihifadhi. Baba mkwe wako mtarajiwa anaijua hadithi hiyo kuliko mimi. Huenda mazungumzo na yeye, kuhusu mahari ndogo unayoitoa kwa mshahara wako, si magumu kama unavyoyaogopa.

Wateja usiowajua, waliokwisha kupita, wanazuoni wameelekeza kwamba mtu akadirie kiasi na akitolee sadaka kwa niaba yao, thawabu iwe yao. Huo si ukarimu wako, ni mali ya watu. Hili pengine ndilo la kumfikishia mjomba polepole, kwa sababu ya ile futari ya madrasa. Usimwambie kwamba haikubaliwi, hilo hulijui wala mimi silijui. Ila anaweza mwenyewe kujiuliza sehemu gani ya sahani zile alikuwa akitoa na sehemu gani alikuwa akirudisha.

Kwa mama wa Manzese kuna mawili. Kumwambia wazi, "mama, siku ile nilikosea kilo zako na jina la mchele, hizi hapa zilizopungua, unisamehe." Utatua mzigo, na huenda akalisema jambo hilo sokoni likamfikia mjomba kabla yako. Au kumrudishia mchele wake taratibu, kutoka mfukoni mwako, bila maelezo mengi. Wapo wanazuoni wanaoliruhusu hili pale ambapo kufichua kutaleta fitina kubwa zaidi. Lakini alikuomba msamaha kwa kosa ambalo si lake, na mchele peke yake hauwezi kumwambia hivyo. Wewe ndiye uliyemwona usoni, utajua lipi analistahili.

Kabla ya yote, mpigie mama yako Rufiji. Si kumwambia habari za mizani. Muulize tu, kaka yake alipokuwa kijana, katika ukoo wenu alikuwa akilisikia neno la nani. Kama mtu huyo yu hai, huenda ndiye wa kwenda naye usiku ule baada ya isha.

Wako,
Mama mshauri